Shingo ngumu si shingo iliyokakamaa

Neno "stiff" la Kiingereza huwatatiza sana watafsiri wetu. Adhabu ikiwa "stiff" wanaiita ngumu, ushindani nao mgumu, ilhali Kiswahili kina "kali" kwa yote mawili. Hayo ni madogo. Linalonikera mimi ni shingo.

Mtu mwenye shingo ngumu, kwetu, ni mkaidi. Asili ya usemi huu ni shambani: fahali asiyetaka nira hukaza shingo. Waebrania waliwaita hivyo watu wasiotii, kama tunavyosoma katika Kutoka 32, pale watu walipojitengenezea ndama wa dhahabu. Neno walilotumia, "qasheh", humaanisha kigumu. Biblia ya Kilatini ilidumisha ugumu huo huo, na hata kundi la John Wycliffe, lililotafsiri kutoka Kilatini katika karne ya 14, liliandika "hard". William Tyndale ndiye aliyeiingiza "stiff" katika Agano Jipya lake la 1526, na tafsiri ya Mfalme James ya 1611 ikafuata nyayo hizo.

Kumbe! Biblia yetu ya Union ya 1952 inaposema "shingo ngumu" iko karibu zaidi na Kiebrania kuliko Kiingereza chenyewe. Anayedhani tuliwaiga Waingereza neno kwa neno hebu afikiri tena.

Uamuzi wa Tyndale ulikuwa na gharama yake. Kiingereza sasa kina neno moja kwa mkaidi na kwa aliyelala vibaya akaamka hawezi kugeuza kichwa. Kiswahili hakina shida hiyo. Misuli hukakamaa, maiti hukakamaa, ngozi ikikauka hukakamaa. Moyo na shingo ya mkaidi huwa ngumu. (Shupavu, ambaye leo tunamsifu, zamani naye alihesabiwa karibu na mkaidi, lakini hicho ni kisa kingine.)

Sasa chukua homa ya uti wa mgongo. Dalili zake ni pamoja na homa kali, kuumwa na kichwa na shingo kukakamaa. Muuguzi akimuuliza mama, "Mtoto ana shingo ngumu?" mama aweza kujibu, "La, huyu ni mtiifu sana," na saa zinayoyoma. Muuguzi aulize kama shingo imekakamaa, au kama mtoto anashindwa kuinamisha kidevu hadi kifuani. Hapo mama ataelewa mara moja anachoulizwa.