Samaki wa Mti wa Boston

Mzaha ni mwepesi kwa aufanyaye na mzito kwa afanyiwaye. Jambo hili lilidhihirika katika mji wa Boston, Marekani, mwezi wa Aprili mwaka 1933, samaki wa mti alipoibwa katika Baraza la Wawakilishi wa jimbo la Massachusetts.

Samaki huyo ni sanamu ya msonobari, yenye urefu wa karibu futi 5, iliyochongwa kwa mfano wa chewa wa bahari za baridi. Si yule chewa wa miamba ya Afrika ya Mashariki. Baraza liliamua kumtundika mwaka 1784, kwa shauri la John Rowe, mfanyabiashara, ili awe ukumbusho wa faida ya uvuvi. Faida hiyo ilikuwa kubwa. Chewa mkavu wa chumvi aliuzwa Ulaya, na yule hafifu alipelekwa visiwa vya Karibi kuwa chakula cha watumwa waliolima miwa. Hivyo samaki aliyetukuzwa alikuwa na sifa yake, na alikuwa na aibu yake vilevile.

Ng'ambo ya mto Charles kuna Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1876 wanafunzi wake walianzisha gazeti la mzaha, Harvard Lampoon, ambalo desturi yake ni kucheka kila chenye kujikweza. Vijana wa gazeti hilo walitazama watu wazima wakikaa chini ya samaki wa kuchongwa kwa unyenyekevu mkubwa, wakanuia kuupima unyenyekevu huo. Tarehe 26 Aprili 1933 waliingia barazani, wakamkata samaki aliponing'inia, wakamficha katika sanduku la maua, wakatoka naye.

Mji ulitaharuki. Polisi walimtafuta hata katika maji ya mto Charles. Wako wajumbe walioona kuwa ni kufuru kujadili sheria hali mahali pa samaki pako wazi. Na mwaka ule haukuwa mwaka wa raha: nchini Marekani, karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta kazi alikuwa hana kazi. Baada ya siku mbili samaki alirudishwa kwa siri, kwa mkono wa mkuu wa askari wa chuo. Alitundikwa tena, inchi 6 juu kuliko kwanza, ili asifikiwe kwa urahisi.

Watu wametoa hukumu mbili juu ya kisa hiki. Wa kwanza husema kuwa vijana walivunja adabu, kwani alama ya watu wote si kitu cha kuchezea. Wa pili husema kuwa kicheko ni haki ya kijana, na wenye mamlaka hawana budi kukistahimili. Kila upande una haki yake, lakini zote mbili zimemtazama samaki wa mti tu.

Samaki wa maji hakulindwa kwa bidii hiyo. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, meli kubwa zenye nyavu za kukokota na vyumba vya barafu zilivua kupita kiasi cha kuzaliana kwake. Mwaka 1992 Kanada ilisimamisha uvuvi wa chewa mashariki ya Newfoundland, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Mwaka 1994 Marekani ilifunga sehemu kubwa za Georges Bank, malisho mashuhuri ya chewa mbele ya pwani ya Massachusetts. Wavuvi wengi waliuza vyombo vyao.

Wizi wa wanafunzi ulionekana siku ile ile, ukakomeshwa kwa siku mbili. Wizi wa baharini ulifanywa kwa miaka mingi, kwa leseni, mchana, na haukumchekesha mtu. Sanamu ingali ikitundikwa barazani kuwa ukumbusho wa uvuvi, kama alivyotaka Rowe. Bali sasa inawakumbusha wajumbe wa leo zaidi ya alivyokusudia yeye.