Reli ya Mpanda na Kompyuta ya Mtumba

Huwezi kusimulia historia ya Mpanda ukairuka reli. Tawi la kutoka Kaliua lilifika mwaka 1950, tena halikuletwa kwa ajili ya mkulima wala msafiri. Lililetwa kubeba madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Treni je? Iliendelea kuja na abiria na mizigo ya wenyeji. Mwenye mgodi alikwenda zake, njia ikabaki.

Kwenye kompyuta mambo huwa kinyume. Mwenye mali akiondoka, hufunga na njia.

Wengi wetu tuliijua kompyuta kupitia Windows, na nakala nyingine hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inachagua mashine, za zamani nyingi inazikataa. Sasa kijana wa Mpanda mwenye laptopu ya mtumba iliyojaa hadithi zake afanyeje? Aitupe?

Hapa ndipo inapoingia Linux. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliianza mwaka 1991 na kuwaachia watu waione ilivyoundwa ndani. Kwa miaka mingi ilibaki mambo ya mafundi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, jina ambalo Mswahili hahitaji kamusi: ni utu uleule. Mwaka 2006 juu ya msingi huo ikazaliwa Linux Mint, menyu yake ipo kwenye kona ya chini kama mtu wa Windows alivyozoea. Unaijaribu kwenye flashi kabla hujafuta chochote. Programu kadhaa za Windows hutazipata humo, hilo tusidanganyane. Lakini kwa mtu wa kuandika, inatosha na chenji inabaki.

Na sisi hatukuwa watazamaji tu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux ulioshirikisha Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya ofisi inayosema Kiswahili, kwenye Linux na kwenye Windows pia. Ugumu wake haukuwa ufundi peke yake. Ilibidi kwanza yapatikane maneno, maana mashine haiwezi kusema neno ambalo wenye lugha hawajakubaliana.

Baadaye OpenOffice ikabadili wenyewe. Mwaka 2010 wajuzi walioijenga wakauchukua msimbo wake, ambao ulikuwa wazi, wakaanzisha LibreOffice. Njia ikabaki, kama ya Kaliua.

Tafsiri za LibreOffice hutegemea sana watu wa kujitolea. Waandishi wenzangu, tunalalamika kila siku kwamba kompyuta zinatusemesha Kiingereza. Haya, maneno tunayo. Nani anaanza?