Morocco Square: Makazi na hoteli katika kiwanja kimoja

MRADI wa Morocco Square, uliopo Kinondoni jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa miradi mikubwa ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Upo katika eneo la Morocco, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na umekusanya mahali pamoja makazi, hoteli, ofisi na maduka.

Una minara minne. Miwili ni ya ofisi, mmoja wa ghorofa 17 na mwingine wa ghorofa 20. Mrefu kuliko yote una ghorofa 22 na ni wa makazi, ukiwa na nyumba 100. Wa nne, wenye ghorofa 13, ulibuniwa uwe hoteli ya vyumba 81.

Mchanganyiko huo una hesabu yake. Hoteli hudai fedha nyingi kabla ya kumpokea mgeni wa kwanza, kisha hurejesha mtaji polepole kwa miaka mingi. Nyumba za makazi huweza kuuzwa mapema, hata kabla ya kukamilika, na malipo ya wanunuzi yakasaidia ujenzi. Aidha, kiwanja, maegesho na mifumo ya maji na umeme vikitumiwa na wote, gharama hugawanyika.

Biashara ya namna hiyo isingewezekana bila sheria. NHC iliundwa mwaka 1962, na mwaka 1990 ilikabidhiwa pia shughuli za Msajili wa Majumba, chombo kilichosimamia majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2005 yaliipa nafasi ya kujiendesha kibiashara. Kisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ikamwezesha mtu kupata hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa, huku ngazi, lifti na ua vikibaki mali ya pamoja.

Hata hivyo, hesabu nzuri haimalizi jengo. Mwaka 2018 ujenzi wa Morocco Square ulisimama baada ya shirika kukosa kibali cha Serikali cha kuendelea kukopa. Mradi wa Kawe 711, wenye nyumba 422, ulikumbwa na hali hiyo hiyo. Kazi ilirejea baada ya Serikali ya Awamu ya Sita, iliyoingia madarakani Machi 2021, kutoa kibali.

Miaka hiyo ya kusubiri ina gharama isiyoonekana kwa macho. Mkopo uliokwisha kuchukuliwa huendelea kudai riba, mkandarasi hudai fidia, bei za vifaa hupanda, na mnunuzi aliyelipa sehemu ya bei huendelea kupanga kwingine.

Jijini Nairobi, mradi wa The Pinnacle katika eneo la Upper Hill ulikutana na kikwazo cha aina nyingine. Ulizinduliwa mwaka 2017 na Rais Uhuru Kenyatta, ukiwa na azma ya kujenga hoteli na makazi katika mnara wa zaidi ya mita 300. Mgogoro wa umiliki wa ardhi ulifikishwa mahakamani na ujenzi ukakwama.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba urefu wa jengo si kipimo cha kwanza cha mradi. Kabla ya zege kumwagwa, hati ya ardhi haina budi kuwa safi, na fedha za kufika ghorofa ya mwisho ziwe zimejulikana zitokako.

Suala hili halimhusu mkazi wa Dar es Salaam peke yake. NHC ni mali ya umma, hivyo mwananchi wa Mugumu wilayani Serengeti, asiyetarajia kulala hata usiku mmoja katika minara ile, ni mwenye mali sawa na mpangaji wa Kinondoni. Jengo linaposimama nusu, hasara ni yake pia.