Baba wa Wengi

Waskoti wengi waliohamia Brazili waliacha huko wana na wajukuu. Daktari Robert Reid Kalley, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1809, hakujaliwa kuzaa.

Kisiwani Madeira aliwatibu maskini na kuwafundisha Biblia. Mwaka 1846 adui walivamia nyumba yake, wakachoma vitabu vyake. Alitoroka, na waumini wake wakatawanyika ng'ambo.

Mwaka 1855 yeye na mkewe Sarah walifika Rio de Janeiro. Baadhi ya wale waliotawanyika wakaja kumsaidia. Tarehe 11 Julai 1858 alimbatiza Mbrazili, Pedro Nolasco de Andrade. Kanisa likaanza, nalo lipo hata leo.

Wewe uliyevunjiwa kazi, au unayelilia mtoto, usikate tamaa. Uzao wa imani hauhesabiwi kwa damu.