Madaraja ya nyama ya ng'ombe nchini Marekani

Madaraja ya nyama ya ng'ombe nchini Marekani ni utaratibu wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo (USDA) wa kupanga nyama kufuatana na ulaini, utamu na unyevu unaotarajiwa baada ya kupikwa. Viwango rasmi vilianza kutumika miaka ya 1920. Daraja halionyeshi kama nyama ni salama. Hilo ni kazi ya ukaguzi wa afya.

Ukaguzi na upangaji

Ukaguzi wa afya ni wa lazima kwa sheria ya mwaka 1906, na hugharimiwa na serikali. Upangaji wa madaraja ni wa hiari, na kiwanda cha nyama ndicho kinacholipa. Kwa hiyo nyama isiyo na daraja si lazima iwe mbovu. Huenda mwenyewe hakuona faida ya kulipia.

Jinsi daraja linavyopatikana

Mpangaji hutazama mambo mawili makuu. La kwanza ni mafuta membamba yaliyotawanyika ndani ya msuli, yanayotazamwa penye mkato kati ya ubavu wa 12 na wa 13. La pili ni umri wa mnyama, unaokadiriwa kwa mifupa, meno na rangi ya nyama.

Madaraja ni nane: Prime, Choice, Select, Standard, Commercial, Utility, Cutter na Canner. Prime ina mafuta mengi zaidi ndani ya msuli, na huuzwa hasa kwenye hoteli na mikahawa ya bei kubwa. Choice na Select ndizo zinazoonekana zaidi madukani. Select iliitwa Good hadi mwaka 1987. Ng'ombe wenye umri mkubwa, kwa kawaida zaidi ya miezi 42, hawapewi madaraja matatu ya juu.

Nyama ya migahawa ya chakula cha haraka

Nyama ya hambaga kwa kawaida haina daraja. Sehemu kubwa ya nyama nyekundu hutoka kwa ng'ombe wakubwa waliokwisha kuzaa au kukamuliwa, au huagizwa kutoka nchi kama Australia na New Zealand. Huchanganywa na vipande vyenye mafuta vya maksai walionenepeshwa. Kusaga hulainisha nyama ngumu, na mchanganyiko hutoa kiasi cha mafuta kinachotakiwa. Kwa kanuni za Marekani, mafuta yasizidi asilimia 30, wala maji yasiongezwe.

Uvumi wa "daraja D"

Husemwa kwamba migahawa hiyo hutumia nyama ya "daraja D". Daraja hilo halipo. Herufi A hadi E hutumika kuonyesha makundi ya umri, siyo ubora.

Usalama

Vijidudu vilivyo juu ya nyama huingia ndani inaposagwa. Mwaka 1993 hambaga za Jack in the Box ambazo hazikuiva vizuri zilieneza bakteria aina ya E. coli O157:H7, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 walifariki. Mwaka 1994 serikali ilipiga marufuku kuuza nyama ya kusaga yenye bakteria hao. Nyama ya kusaga inashauriwa ifikie sentigredi 71 katikati, iwe na daraja au isiwe nalo.