Mbaraka Mwinshehe na Santuri Zake

Leo twataka kueleza habari za mtunzi ambaye sauti yake iliingia katika nyumba nyingi za Mwanza, Ukerewe na Musoma, nyumba ambazo wenyewe hawakupata kumwona.

Usukumani twamjua manju. Kila msimu wa ngoma hutunga nyimbo mpya, kwa sababu Bagika hawawezi kuwashinda Bagalu kwa nyimbo za mwaka jana. Mbaraka Mwinshehe naye alikuwa manju, ila wa gitaa. Alizaliwa mwaka 1944, na katika miaka ya 1960 akaingia bendi ya Morogoro Jazz. Mji mdogo wa Morogoro ulikuwa na bendi nyingine kubwa, Cuban Marimba, iliyoanzishwa na Salum Abdallah; basi ushindani haukumpa mtunzi nafasi ya kulala. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akaunda bendi yake, Super Volcano.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyimbo zote hizo zilikaa wapi? Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikachezwa hewani. Lakini kanda ya redio si bidhaa ya dukani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Hapana budi mtunzi aende kwa kampuni za Nairobi. Kwa maoni yangu, hili lilimtawala Mbaraka kuliko hata kipaji chake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ninyi wa ukingo wa ziwa hamhitaji kufundishwa maana yake: safari za meli kati ya Mwanza na Kisumu zilikatika. Kwa mwanamuziki, soko lilikuwa ng'ambo ya mpaka huo.

Januari 1979, mpaka ungali umefungwa, Mbaraka alikuwa Mombasa. Huko alipata ajali ya gari akafa, naye ana miaka 34 tu. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983. Nyimbo zake zilitolewa tena Kenya katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho.

Msikilizaji mwenye santuri ya zamani ya Mbaraka nyumbani na asome karatasi ya katikati. Huenda akaona imechapwa nchi gani.