Msitu Mdogo Kuliko Lami

Kwenye Skyline Drive, barabara inayopita juu ya mgongo wa milima ya Blue Ridge huko Virginia, mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kama kilomita 56 kwa saa. Magari yanajikokota. Kulia na kushoto ni miti tu, imesongamana mpaka jua la Julai linafika barabarani likiwa limechujwa. Mgeni atasema huu ni msitu wa tangu Nuhu. Lakini barabara ilianza kujengwa 1931, Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah ikaanzishwa rasmi Desemba 1935, na sehemu kubwa ya miti unayoiona kutoka dirishani iliota baada ya hapo. Msitu ni mdogo kuliko lami.

Tulikuwa wanne, wanafunzi wa chuo kimoja, kwenye gari la kukodi: mimi, rafiki wa Nakuru, rafiki wa Baltimore na binamu yake. Tulikuwa na mahema mawili, jiko la gesi, na kilo tano za unga alizobeba yule wa Nakuru kana kwamba tunakwenda jeshini. Mpango ulikuwa kulala Shenandoah, kisha kushuka kusini kwa barabara ya Blue Ridge Parkway mpaka Hifadhi ya Great Smoky Mountains, Tennessee. Wiki moja, likizo ya kiangazi, hakuna darasa.

Siku ya kwanza, tukitembea kwa miguu, tulikuta mtufaha katikati ya pori. Haukuwa wa mwituni. Kando yake kulikuwa na ukuta wa mawe uliopangwa kwa mkono, na mbele kidogo bomba la moshi la nyumba isiyokuwepo. Ukishaona moja, macho yanazoea. Unaanza kuyaona mengine.

Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi hii mwaka 1926, ila liliweka sharti: serikali kuu haitanunua ardhi. Jimbo la Virginia ndilo litafute ardhi, liisafishe watu, likabidhi. Kununua shamba moja moja kungechukua miaka, basi mwaka 1928 jimbo likatunga sheria ya kutwaa ardhi kwa mkupuo. Familia zaidi ya 500 zikahama. Mwenye hati alilipwa. Aliyekuwa mpangaji, au amekaa tu kwenye ardhi ya mtu kwa makubaliano ya mdomo, hakuwa na cha kulipwa. Na hawa hawakuwa matajiri: miti ya chesinati, iliyolisha watu na nguruwe wao kwa vizazi, ilikuwa imeshauawa na ukungu ulioingia kutoka nje ya nchi.

Kulikuwa pia na kazi ya kuandaa masikio ya watu. Mwaka 1933 kilitoka kitabu kiitwacho Hollow Folk, cha Mandel Sherman na Thomas Henry, kikiwaeleza wakazi wa mabonde haya kama watu walioachwa nyuma na dunia. Ukimwonyesha mtu kuwa mshenzi, kumhamisha kunaonekana ni kumsaidia. Sihitaji kumfafanulia msomaji wa Afrika Mashariki mbinu hiyo.

Wengine waligoma. Robert Via alipeleka kesi mahakamani, akashindwa. Melancthon Cliser, aliyekuwa na kituo cha mafuta kando ya barabara, alitolewa mwaka 1935 akiwa na pingu mikononi huku akiimba wimbo wa taifa lake. Wapo wazee wachache walioruhusiwa kufia nyumbani kwao. Wa mwisho, Annie Shenk, alifariki 1979. Nyumba nyingi zilibomolewa au kuchomwa na vijana wa Civilian Conservation Corps, kikosi cha kazi alichokianzisha Rais Roosevelt 1933 kuwapa ajira vijana wakati wa mdororo. Vijana hao hao ndio waliopanda miti na kujenga kuta nzuri za mawe ambazo watalii hupigia picha.

Kinachonikaa kichwani zaidi ni barua. Wakazi waliosubiri kuhamishwa waliandikia uongozi wa hifadhi kuomba ruhusa: kuvuna matufaha waliyoyapanda wenyewe, kuchukua mbao, milango, madirisha. Mtu anaomba dirisha la nyumba aliyoijenga.

Usiku wa pili tulilala Lewis Mountain, kambi ndogo kuliko zote za Shenandoah. Aliyeichagua ni rafiki yetu wa Baltimore, na hakutuambia sababu mpaka tulipomaliza kufungia chakula ndani ya gari, maana dubu wa huku hawaombi hodi. Alitusimulia kwamba eneo hili lilifunguliwa 1939 kwa ajili ya watu weusi. Virginia ilikuwa jimbo la ubaguzi, na Idara ya Hifadhi ilikubali kufuata desturi ya wenyeji kwenye ardhi ambayo ilikuwa imeshawaondoa wenyeji. Kibao cha barabarani kilitaja rangi ya wanaotakiwa kuingia. Huko Washington, William Trent, mshauri wa Waziri Harold Ickes kuhusu masuala ya watu weusi, alisukuma jambo hilo kwa miaka. Mwishoni mwa 1945 ikatoka amri ya kufuta ubaguzi katika hifadhi zote za taifa. Shenandoah ilifika 1950 ndipo ikakamilisha.

“Bibi yangu hajawahi kulala kwenye hema,” alisema. “Anasema kwao walilala njiani kwa kukosa pa kulala, sasa mimi nalipia.”

Bibi huyo alikulia kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yake, wakitoka Baltimore kwenda kwa ndugu zao Carolina. Chakula kilipikwa nyumbani, kikafungwa kwenye boksi la viatu, kwa sababu huko njiani hukujua nani atakuuzia. Tangi lilijazwa kabla jua halijazama. Zama hizo palikuwa na kitabu cha kuwaongoza wasafiri weusi, Green Book, kilichoanzishwa 1936 na Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, New York. Kiliorodhesha hoteli, migahawa, vinyozi na vituo vya mafuta ambako mtu mweusi angepokelewa. Mpeleka barua anajua mitaa. Ni kazi iliyomfaa.

Moto ulipopungua, yule wa Nakuru akanigeukia. “Na nyie Serengeti?”

Nikamweleza ninachokijua. Hifadhi ilitangazwa 1951, Wamasai wakiwa bado wanachunga ndani yake. Mwaka 1958 wazee 12 walitia alama zao kwenye hati ya kukubali kuachia nyanda za magharibi, na 1959 mpaka mpya ukakatwa: Serengeti ya wanyama peke yao, Ngorongoro ya wanyama na watu. Kwenye mawe ya Moru, ambako walikuwa wakiishi, michoro ya ngao zao ingali ukutani, na magari ya watalii husimama kuitazama. Miaka ya karibuni wapo waliohama kutoka Ngorongoro yenyewe kwenda Msomera, Handeni. Rafiki yangu alisikiliza, akasema tu kwamba wao pia wana zao, na akaenda kulala. Binamu wa Baltimore alibaki akiuliza wazee hao 12 walichaguliwa na nani. Swali zuri.

Siku mbili za Blue Ridge Parkway nitaziruka; ni kona, ukungu na ugali. Barabara inaishia Cherokee, mji wa wazao wa wale waliofanikiwa kubaki wenzao walipoburuzwa magharibi na jeshi mwaka 1838. Kutoka hapo unaingia Smokies.

Huku nako wakulima waliondolewa. John Oliver wa bonde la Cades Cove alipigana mahakamani kwa miaka, mwishowe akaondoka 1937. Baadhi ya majirani zake walipewa mikataba mifupi ya kubaki, yenye masharti tele. Sisi tulipiga hema Elkmont, ambako zamani matajiri wa Knoxville walikuwa na nyumba za mapumziko. Wao walikubali kulipwa bei pungufu, kwa masharti ya kuendelea kuzitumia maisha yao yote. Baadaye mikataba ikarefushwa, na mingi ilifika 1992. Zile za mtaa unaoitwa Daisy Town zimekarabatiwa na hifadhi. Unaingia, unatembea kwenye sakafu za mbao zilizopigwa msasa. Za Cades Cove zilizobaki nyingi ni zile za magogo, zinazofanana na picha ya kale ambayo mtalii amekuja nayo kichwani.

Simu zilirudi kushika mtandao tulipofika mji wa Gatlinburg. Rafiki yetu wa Baltimore akampigia bibi yake, akaweka sauti wazi ili sote tumsalimie. Bibi akauliza tumelala wapi siku zote hizo. Akatajiwa: Lewis Mountain, Elkmont. Kimya kidogo. Kisha akauliza kama tangi limejaa.